Kabati la mvinyo kwa nyumba ya Dar es Salaam: soma kibati cha nyuma kabla ya bei

Swali: Habari za kazi, fundi. Naishi Mbezi Beach. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua mvinyo kidogo kidogo, sasa nina chupa kama 70. Nyingi ni za Afrika Kusini, nyekundu na nyeupe, kuna 11 za Bordeaux ya Ufaransa nilizoletewa na ndugu, na katoni mbili za Dodoma za chupa 12 kila moja. Zote zimelala stoo kwenye maboksi. Mwezi uliopita nilifungua nyekundu ya 2015, mwaka aliozaliwa mwanangu, nikakuta ina ladha ya jamu iliyoungua. Duka moja limenishauri nichukue makabati mawili ya chupa 28 kila moja, yasiyo na kompresa, kwa sababu hayapigi kelele na bei yake ni nzuri. Mke wangu angependa yakae sebuleni. Nichukue?

Jibu: Pole sana kaka kwa chupa ya mwaka wa mtoto. Hiyo haina mbadala, na ndiyo maana nataka nikujibu kwa kirefu. Makabati hayo mawili usichukue. Nitakueleza kwa nini, kisha nikuambie ningefanya nini mimi kama stoo hiyo ingekuwa yangu.

Kwa maelezo yako, kilichoharibu ile ya 2015 ni joto. Nenda stoo ukachunguze shingo za chupa zilizobaki. Ukiona kizibo kimenyanyuka hata kidogo juu ya mdomo wa chupa, au kuna mstari unaonata chini ya karatasi ya shingoni, ujue mvinyo ulipanuka kwa joto, ukasukuma kizibo, ukavuja. Usiku ukipoa, hewa hurudi ndani kwa njia ileile. Mchezo huo ukirudiwa kila siku kwa miaka, mvinyo unakuwa umepikwa polepole ndani ya chupa. Matunda yake yanageuka jamu, kisha yanakufa kabisa. Stoo ya Dar, tena ikiwa karibu na mabati, Februari inapita nyuzi 32 kirahisi, na hata saa kumi alfajiri bado iko kwenye 25 au 26. Mvinyo unaotunzwa kwa miaka unataka nyuzi 12 au 13, zikae hapohapo mchana na usiku. Chupa inayokaa kwenye 15 bila kuyumba ina hali nzuri kuliko inayopanda 18 na kushuka 9 kila siku.

Sasa turudi kwenye haya makabati yasiyo na kompresa, yaani ile mota inayosukuma gesi ya kupoozea kama kwenye friji. Ndani yake kuna kibamba kidogo ambacho ukikipitishia umeme, upande mmoja unapoa na wa pili unapata moto, kisha feni inautupa ule moto nje. Aliyegundua kwamba jambo hilo linawezekana ni Mfaransa Jean Peltier, mwaka 1834, na kwa mahali penye baridi ni kifaa kizuri. Udhaifu wake ni kwamba hakipoozi hadi kiwango fulani, kinapooza kutoka pale chumba kilipo. Kikifanya kazi vizuri kinashusha nyuzi 12 hivi, 14 zikiwa nyingi sana. Kwenye nyumba ya Ulaya yenye nyuzi 22 hiyo inatosha na inabaki. Kwenye sebule yako saa tisa alasiri, chumba kikiwa 32, kitaishia 18 au 20. Muuzaji hakukudanganya aliposema linafika 12. Hakutaja tu ni katika chumba cha joto gani.

Niliitwa Mikocheni kwa kesi kama hii. Mama mmoja alidhani kabati lake lina hitilafu kwa sababu namba ya mlangoni iligoma kushuka chini ya 19. Nililifungua, nikapima kila kitu, sikuona kibovu. Feni zilikuwa zinazunguka mchana kutwa na usiku kucha bila kupumzika, na lilikuwa limefikia mwisho wa nguvu zake. Hata ule ukimya uliosifiwa dukani haukuwepo, maana feni isiyozima ina mlio wake. Na hesabu ya LUKU nayo iko hivi: kabati la wati 70 likifanya kazi mfululizo linakula karibu uniti 1.7 kwa siku, zaidi ya 600 kwa mwaka. Mawili ni zaidi ya 1,200. Kwa mtu wa T1, daraja la kawaida la umeme wa nyumbani, anayelipa zaidi kidogo ya shilingi 350 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hizo ni laki nne na kitu kila mwaka, ili mvinyo ukae kwenye nyuzi 19.

Kwa hiyo tafuta lenye kompresa. Ila hata hapo usikimbilie la kwanza unaloliona, kwa sababu kabati la kompresa linaweza kukushinda Dar vilevile. Zunguka nyuma yake, au fungua mlango uangalie ubavuni, utakuta kibati chenye namba ya modeli, volti, aina ya gesi na herufi ambazo wanunuzi wengi huzipita. Hizo herufi ndizo daraja la hali ya hewa, yaani joto la chumba ambalo mashine ilitengenezewa. SN ni chumba cha nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Makabati mengi ya mvinyo yanatengenezwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya, na mengi yana N au SN peke yake. Nyumba yako Februari iko palepale kwenye mpaka huo, na ukiliegemeza ukutani ambako joto lake lenyewe linazunguka mgongoni, umeshauvuka. Halitazima siku hiyo. Litafanya kazi bila kupumzika miaka miwili, mota itachoka, na utaniita. Wewe unahitaji ST au T. Ukikuta SN-T pia ni sawa, maana yake linahimili kuanzia 10 hadi 43. Muuzaji akishindwa kukuonyesha hizo herufi, usitoe pesa siku hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo ushauri ulioandikwa ughaibuni utakupotosha kabisa, nalo ni unyevu. Utasoma kwamba kabati lazima liongeze unyevu ili vizibo visikauke, uweke bakuli la maji ndani, na kadhalika. Hiyo ni kwa watu wenye hewa kavu. Sisi pwani shida yetu imegeuka upande wa pili. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25. Chupa zako zitakuwa kwenye 13. Kila unapofungua mlango, hewa hiyo inaingia na kulowanisha lebo, na baada ya miezi michache utaona kuvu nyeusi imeanza kutambaa kwenye karatasi. Mvinyo wenyewe hauumii kwa kuvu ya lebo, lakini inauma kuona chupa uliyoitunza haisomeki. Kwa hiyo bakuli la maji sahau. Angalia raba ya mlango: ibane pande zote nne. Funga mlango ukiwa umebanisha noti ya elfu kumi, kisha uivute. Ikitoka bila kukataa, raba hapo haishiki. Angalia pia kama kuna njia ya kutolea maji nyuma, inayopeleka kwenye kisahani juu ya kompresa ambako yanakauka kwa joto. Na ujizoeze kutoa chupa zote za jioni kwa mara moja. Vizibo vyako vitakuwa salama, laza tu chupa ili mvinyo uguse kizibo. Zenye kifuniko cha kuzungusha, ambazo kwa Afrika Kusini ni nyingi, unaweza hata kuzisimamisha.

Tuje kwenye ukubwa, na hapa niruhusu nikupunguzie mzigo. Chupa 70 hazistahili zote kabati. Zile 24 za Dodoma ni mvinyo wa kunywa ungali mchanga. Zabibu za kule zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mpya haziishi kuja. Zinywe na familia mwaka huu, zipe rafu ya chini ya friji ya jikoni, na usizihesabu. Nyeupe za kawaida za Afrika Kusini, zile za mezani, nazo ni vivyo hivyo. Mwaka mmoja au miwili tangu kutengenezwa, na raha yake imefika kileleni. Zinazobaki ni nyekundu nzito, labda nyeupe chache za zabibu ya Chenin Blanc zilizolazwa kwenye mapipa, na hizo 11 za Bordeaux. Nadhani hazitazidi 35. Hizo ndizo unazozinunulia kabati.

Lakini usinunue la chupa 35. Namba iliyoandikwa kwenye boksi imehesabiwa kwa chupa ya umbo la Bordeaux, yenye mabega, upana wa sentimita saba na nusu hivi, zikiwa zimepangwa zote za aina moja kichwa kwa mguu. Chupa ya umbo la Burgundy, yenye tumbo pana na mabega yanayoteremka, inafika sentimita nane na nusu, na nyekundu nyingi za Pinotage na nyeupe nyingi za Chardonnay za Afrika Kusini zinakuja humo. Za shampeni ni nene zaidi. Ukichanganya kama watu wote tunavyochanganya, robo ya nafasi inapotea. Kwa chupa 35 za leo na chache utakazoongeza, chukua lililoandikwa 55 au 60. Nenda dukani na chupa yako nene kuliko zote, uiingize kwenye rafu mbele ya muuzaji, uvute rafu uone kama lebo haikwaruzwi na ya juu. Wakikukatalia, umepata jibu lako. Na upime uzito pia: chupa iliyojaa ina kilo 1.2 hadi 1.4, hivyo 50 ni kilo 60 hadi 70 bila kabati lenyewe. Rafu za waya nyembamba zinapinda. Za mbao zinazotelezea kwenye reli ndizo ninazozipenda.

Kuhusu vyumba viwili vya joto tofauti, kwako sioni haja. Hilo ni kabati la kuandalia, nyeupe juu kwa nyuzi 8 na nyekundu chini kwa 16, linawafaa wenye mgahawa. Wewe unatunza. Chumba kimoja, nyuzi 13, nyekundu na nyeupe pamoja. Nyeupe utaihamishia kwenye friji ya jikoni saa moja kabla ya wageni, nyekundu utaitoa nusu saa mapema. Chumba kimoja kina vipuri vichache vya kuharibika, na hilo kwangu lina uzito.

Shemeji anataka sebuleni, na mimi niko upande wake kuliko stoo, mradi mambo mawili yazingatiwe. Mwanga wa jua unaharibu mvinyo, hasa nyeupe na wa mapovu uliomo kwenye chupa isiyo na rangi. Unafanya utoe harufu kama ya kabichi iliyochemka. Kwa hiyo mlango wa kioo uwe wa tabaka mbili au tatu, wenye kinga ya miale ya jua, na kabati lisitazame dirisha. Tabaka hizo zinasaidia pia kioo kisitoke jasho kama chupa ya soda, maana kioo cha tabaka moja hapa pwani kitamwagia maji zulia lenu. Mlango usio na kioo unatunza baridi zaidi, ila najua hautapendeza sebuleni. La pili ni nafasi ya kupumua. Kabati la kusimama lenyewe linatoa joto nyuma au ubavuni, liache sentimita kumi ukutani. Kama fundi seremala wenu anataka kulichomeka ndani ya kabati la ukuta pamoja na TV, basi linunuliwe lile lililotengenezwa kwa kuchomekwa, linalopumulia mbele chini ya mlango. Nimeshakuta makabati mazuri yaliyokufa kwa kuzibwa mgongo, na ukifungua unakuta kompresa imebabuka rangi kwa moto.

Umeme. Hapa ndipo pesa nyingi za wateja wangu hupotelea, na ni hasara inayozuilika. Kompresa haiuawi na giza, inauawa na umeme kurudi. Inapozima, gesi ya upande mmoja bado ina presha kubwa. Ikipewa dakika tatu hadi tano presha inasawazika, na mota inawaka kwa urahisi. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde kumi, mota inajaribu kuwaka ikiwa imebanwa, inashindwa, inavuta umeme mwingi, inaungua. Umeme mdogo wa jioni, wakati mtaa mzima umewasha viyoyozi, unafanya hivyohivyo taratibu. Ndiyo maana usilichomeke ukutani moja kwa moja wala kwenye ekstensheni ya TV. Nunua kilinda friji, kile kidude kinachokata umeme ukishuka au ukizidi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kama mtaani kwenu volti zinacheza kila siku, ongeza stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti. Ukilinganisha na bei ya mota mpya, gharama hiyo ni ndogo sana.

Giza lenyewe lisikutishe. Fikiria chupa 50 zilizojaa: lita 37 na nusu za mvinyo pamoja na kilo 25 hivi za vioo. Mzigo wa namna hiyo hauchukui joto upesi. Kwa kabati la kawaida la mlango wa kioo, hesabu yangu inanipa kama nyuzi moja kwa saa, na kadiri ndani kunavyokaribia joto la chumba, kasi inapungua. Umeme ukikatika saa sita, mvinyo utapanda kutoka 13 hadi 18, kisha utashuka tena. Mara moja moja hiyo haiharibu kitu. Usifungue tu mlango kuchungulia. Na kabati lililojaa linavumilia giza kuliko lililo nusu, kwa hiyo kama una nafasi tupu, jaza chupa za maji.

Mbezi Beach mna chumvi ya bahari, na chumvi inakula mabomba ya nyuma. Pangusa kondensa, yaani hayo mabomba ya nyuma yanayotoa joto, kila miezi mitatu kwa brashi laini na kitambaa kikavu. Siku ikihitaji fundi, soma tena kile kibati: makabati mengi ya sasa yana gesi ya R600a, ambayo ni isobutani na inashika moto. Fundi akija na mtungi wa gesi ya zamani akasema zote ni sawa, au akawasha moto wa kuchomea kabla hajatoa gesi yote nje, mshukuru umwambie asubiri. Kwa sababu hiyo napendelea mashine ambayo vipuri vyake vinapatikana hapa, hata kama jina lake si kubwa. EuroCave, Wafaransa walioanza kutengeneza makabati ya mvinyo mwaka 1976, na Liebherr wa Ujerumani wanatengeneza vitu vya kudumu, na uwezo ukikuruhusu sitakuzuia. Ila uliza kwanza nani atakuletea themostati yake, kile kifaa kinachopanga joto la ndani, ikifa. Na ndugu wa Marekani asikutumie la kule kwenye kontena. Ni la volti 115 na hezi 60. Transfoma itakurekebishia volti, lakini hezi zitabaki 50 na mota itafanya kazi kwa taabu.

Kama bei ya kabati la daraja T itakushinda sasa hivi, kuna njia ambayo nimewafungia watu na inafanya kazi. Chukua friji ya kawaida ya mlango mmoja isiyo na freeza, umwambie fundi aunganishe themostati ya nje yenye kihisi, uiweke kwenye 13 badala ya 4. Utahitaji mbao za kulazia chupa na kitambaa cha kufuta maji chini mara moja kwa wiki. Haipendezi sebuleni, ila mvinyo wako utakuwa salama kuliko ndani ya yale makabati mawili ya kimya.

Wiki hii, kabla hujaenda duka lolote, nunua kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini. Kitundike pale sebuleni kabati litakapokaa, kiache siku saba. Kabati likifika, lisimamishe saa 24 kabla ya kuliwasha, ili mafuta ya kompresa yaliyohama njiani yarudi. Namba ya mlangoni usiiamini peke yake, inapima hewa. Jaza maji kwenye chupa tupu ya mvinyo, ilaze rafu ya kati, na kila asubuhi na jioni pima maji hayo kwa wiki nzima. Yakikaa kati ya 12 na 14, ingiza mvinyo.

Na zile 11 za Bordeaux, zitoe stoo leo, uzilaze kwenye chumba chenye kiyoyozi hadi kabati lije. Fungua moja mapema. Ikiwa imepikwa kama ile ya 2015, zilizobaki zinyweni mwaka huu, kwa sababu baridi haitazirudisha zilikotoka. Ikiwa hai, zipe rafu ya chini, ambako ubaridi hauyumbi. Ukishapata namba mbili za kipimajoto na picha ya kibati cha kabati unalolifikiria, nitumie kabla ya kulipa, nitakuambia kama litaihimili Februari yenu.